Kununua GPS ya gari bila kutupa pesa: mwongozo kwa sisi tunaoendesha mara moja moja

Kuna watu gari yao hulala Nakuru wiki nzima, inawashwa Jumapili kwenda kanisani na kupitia sokoni basi, halafu mara tatu nne kwa mwaka inatolewa kwenda magharibi, Krismasi, matanga, kupeleka mahari. Mimi ni mmoja wao. Nakuru hadi Kisumu ni kama kilomita 180 na hiyo njia naijua hata usingizini, Salgaa, Mau Summit, Kericho, Ahero, huko hakuna mtu anahitaji kuelekezwa. Shida huanza ukitoka lami, pale mwenyeji amekwambia "ukifika kwa posho mill kata kushoto halafu uliza tu", na wewe unafika saa mbili usiku, posho mill imefungwa, na hakuna mtu wa kuuliza isipokuwa mbwa.

Ndio nikaamua ninunue GPS, kile kifaa cha skrini cha kukuonyesha njia. Ya kwanza niliitoa kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, second-hand kutoka Uingereza, bei ilikuwa tamu. Nikaiwasha nikiwa kwa mlango wangu hapo Section 58. Ikakaa kama dakika kumi ikitafuta setilaiti, ikazipata, ikajua niko wapi kabisa, lakini skrini ilikuwa tupu kama karatasi mpya, mshale mmoja mdogo katikati na hakuna barabara hata moja. Ramani iliyokuwa ndani ilikuwa ya Ulaya. Muuzaji nikimpigia ananiambia "lakini si inafanya kazi?" Na kusema ukweli ilikuwa inafanya kazi.

Hapo ndipo nilielewa kitu ambacho mwongozo huu wote unazungukia: setilaiti ni za bure kwa kila mtu, kitu unanunua ni ramani. Sasa twende polepole.

Hatua ya kwanza: jua unaomba nini dukani

Ukiingia duka la vifaa vya gari Nakuru au Kisumu useme unataka "GPS ya gari", nusu ya wakati utaonyeshwa kitraka, kile kijisanduku kinafichwa chini ya dashibodi na kuwekwa laini ya simu ili ujue gari iko wapi ikiibwa. Hicho hakina skrini na hakikuelekezi popote. Sema "navigesheni, ile ya skrini, ya kuonyesha njia".

Kisha usichanganye na ile redio ya skrini iliyokuja na gari. Hizi Fielder, Vitz na Probox zetu zinashuka kutoka Japani na navi yake ndani, na ukiwasha inakuongelesha Kijapani, wakati mwingine inadai memori kadi ya ramani ambayo ilibaki huko huko. Hata ukiwa nayo, ramani ni ya Japani peke yake. Kuna mafundi watakwambia wanaweza "kuifanya Kiswahili", waachie hiyo hadithi. Ukitaka skrini ya ndani ya gari inayofanya kazi hapa, utatoa hiyo uweke redio ya Android, na hiyo ni bajeti ingine na waya zingine, sio mambo ya mtu anaendesha mara nne kwa mwaka.

Hatua ya pili: kabla ya kutoa shilingi, jaribu simu yako

Najua umekuja hapa kusoma habari ya kifaa, lakini kwa mtu wa safari chache hii ndiyo hatua itakuokolea pesa nyingi zaidi. Wengi hudhani GPS inakula bando. Haikuli. Simu yako ina kipokezi ndani, kinasikiliza tu setilaiti zilizo juu huko kilomita elfu ishirini na kidogo, kikipata angalau nne kinapiga hesabu ya ulipo. Hakitumi kitu, hakihitaji laini, hata hewani kusiwe na mtandao kitafanya. Kinachokula bando ni kuvuta ramani. Kwa hivyo ukivuta ramani mapema kwa wifi, umemaliza.

Fanya hivi. Weka Organic Maps au OsmAnd, zote zinatumia ramani za OpenStreetMap ambazo watu wa kujitolea huchora, halafu vuta ramani ya Kenya ukiwa kwa wifi, tenga MB mia kadhaa za nafasi. Organic Maps ni bure na haina matangazo, ni nyepesi hata kwa simu ya bei ya chini. OsmAnd ina setingi nyingi mpaka kichwa kinauma, na ile ya bure ina kikomo cha ramani unazoweza kuvuta, lakini Kenya moja inakutosha. Google Maps pia inakubali uhifadhi eneo, ila hilo eneo lina muda wake, usipoliapdeti linaisha, na hiyo huitambui mpaka siku uko Ugunja bila bando.

Kisha zima data kabisa, weka simu kwa airplane mode, na uendeshe kutoka kwako mpaka Njoro na kurudi ukifuata hiyo programu. Kama imekuelekeza sawa, tafuta stendi nzuri ya simu (usichukue ile ya mia mbili, itaanguka kwa tuta la kwanza) na chaja ya laita yenye nguvu, ampea 2 kwenda juu, kwa sababu skrini ikiwaka na GPS ikifanya kazi pamoja, chaja dhaifu inashindwa na simu inaisha chaji ikiwa imechomekwa. Jumla hiyo mimi ilinigharimu chini ya elfu mbili na mia tano. Watu wengi wanaosoma hii wangefaa waishie hapa.

Hatua ya tatu: nani basi anahitaji kifaa chenyewe

Simu ina magonjwa yake. Ikikaa kwa dashibodi jua la Kisumu la saa saba, inapata moto mpaka inajizima yenyewe, na mara nyingi itafanya hivyo ukiwa kwa raundabauti. Pia simu ni simu, inapigwa, na watu wa matanga hawachoki kupiga, kila mtu anauliza umefika wapi, kila simu inafunika ramani. Na kuishika mkononi ukiendesha ni kosa kisheria, hiyo trafiki hawana masihara nayo. Kama simu yako ni ya zamani, memori imejaa, au gari hutumiwa na watu kadhaa wa nyumbani (mzee wangu kwa mfano, hataki kusikia mambo ya programu, anataka kitu cha kuwasha na kuzima), hapo kifaa kina maana. Vinginevyo, hapana.

Hatua ya nne: ramani, na hapa kaa chini

Kifaa cha bei nafuu cha kampuni kubwa kama Garmin, cha inchi 5, huko Marekani huuzwa kama dola mia na hamsini kikiwa kipya. Ukiongeza usafiri na ushuru tayari umepita elfu ishirini. Halafu unakuta kwa boksi kumeandikwa "Europe" au "North America". Hayo maneno ndiyo bei yenyewe. Kifaa cha Amerika Kaskazini kikija Kenya ni ile karatasi tupu yangu ya Section 58. Kwa hivyo soma boksi kabla ya kusoma kitu kingine chochote, na kama imeandikwa "lifetime maps" jua hiyo ni maisha ya hiyo ramani iliyo ndani, yaani utaletewa barabara mpya za Ujerumani bure hadi uzeeke.

Ukipata ya Ulaya kwa bei nzuri sana, kuna njia mbili. Moja, ununue ramani ya Afrika. Tracks4Africa hutengeneza ramani za Garmin zinazofika Kenya na ni nzuri hasa kwa barabara za vumbi, lakini ongeza hiyo gharama kwa hesabu yako mapema. Mbili, uweke ramani ya bure ya OpenStreetMap. Hii ndiyo nilifanya mwishowe kwa ile yangu na sio ngumu: kuna tovuti zinatengeneza ramani za OpenStreetMap kwa Garmin, unachagua Kenya, unapata faili linaitwa gmapsupp.img, unachukua memori kadi ndogo iliyofomatiwa kwa mtindo unaoitwa FAT32, unatengeneza folda inaitwa Garmin, unatia faili ndani, unarudisha kadi kwa kifaa, halafu unaingia setingi za ramani unazima ile ya Ulaya na kuwasha hii. Usibadilishe jina la hilo faili kabisa, vifaa vya zamani ukibadilisha herufi moja havilioni. Kama huna kompyuta, kijana wa cyber atakufanyia kwa mia moja au mbili, mwonyeshe hii aya.

Halafu kuna zile za Kichina za inchi 7, hazina jina unalolijua, zinauzwa na maneno "ramani ya dunia nzima". Nyingi za zile za bei ya chini kabisa zinatumia programu endeshi ya zamani inaitwa Windows CE, ramani iko kwa memori kadi, na hakuna mahali pa kuapdeti. Sisemi zote ni mbaya, ila usitume pesa mpaka muuzaji akutumie video, kifaa kikiwa mkononi mwake, akitafuta mji mdogo wa magharibi ambao wewe umemtajia. Akileta maneno mengi achana naye.

Second-hand ina mtego mwingine. Mfumo wa GPS wa Marekani huhesabu wiki kwa mzunguko wa 1,024, ikifika hapo inarudi sufuri, na mara ya mwisho hiyo ilitokea Aprili 2019. Vifaa vya zamani ambavyo havikupata programu mpya vilichanganyikiwa tarehe, vingine vinaonyesha mwaka wa nyuma kabisa na kukupa saa ya kufika ya kichekesho. Basi ukiwasha, angalia tarehe. Kama inasema ni miaka karibu ishirini iliyopita, rudisha.

Hatua ya tano: mwili wa kifaa

Hapa napita haraka kwa sababu watu wanapoteza muda hapa bure. Inchi 5 inatosha gari ndogo, 7 inafunika kioo cha Vitz. Betri za ndani nyingi hukaa kama saa moja tu hata ikiwa mpya, kwa hivyo hesabu ni ya kukaa kwa waya. Angalia waya ni wa aina gani, vingi vya zamani hutumia mini-USB, ile nene ya kamera za kitambo, na ukiipoteza Kisumu utazunguka maduka. Hakikisha stendi yake imo ndani ya boksi maana kila modeli ina yake na kuipata peke yake ni kazi. Mwangaza wa skrini ujaribie nje juani, sio chini ya taa ya duka.

Neno "traffic" usililipie hata kumi. Hiyo huduma kwa vifaa vya bei nafuu hutegemea matangazo ya redio ya nchi husika au simu yako yenye bando, na kama una simu yenye bando tayari unajua jam iko wapi.

Hatua ya sita: kipime kabla ya kulipa

Toka nje ya duka na kifaa. Ndani chini ya mabati hakiwezi kuona mbingu, na muuzaji akikwambia "hapa network ni mbaya" jua hata yeye hajui anachouza. Simama mahali wazi, kiweke kitulie, ngoja. Kama kilikuwa kimezimwa miezi au kimetoka ng'ambo, dakika kumi na zaidi kidogo ni kawaida, kinaweza kuhitaji kwanza kupokea orodha ya setilaiti zote na hiyo yote huchukua dakika kumi na mbili na nusu. Kikizidi nusu saa, rudisha.

Kikishajua kiliko, kitafutishe majina. Sio "Nairobi", Nairobi kila kifaa kinaijua. Andika Mamboleo. Andika Londiani. Halafu andika Luanda, na hii ndiyo mtihani wangu nipendao. Kifaa kibovu kitakupeleka Angola. Kifaa cha wastani kitakupa Luanda ya Vihiga, pale barabara ya Busia. Kifaa kizuri kitakuuliza kama ni hiyo ama ni Luanda Kotieno kule Siaya kwa feri. Mara ya pili niliponunua, muuzaji wa Kisumu aliona nikitabasamu peke yangu kwa lami akadhani nimechizi.

Kisha kipe safari ya kweli, kwa mfano kutoka hapo ulipo hadi shule au soko la kijijini kwenu ambalo unalijua vizuri. Angalia kona ya mwisho. Kama barabara ya mwisho ya kwenda kwenu haimo, bora ujue ukiwa bado na pesa mfukoni.

Hatua ya saba: setingi tatu za kubadilisha siku hiyo hiyo

Ya kwanza ni maili kuwa kilomita, hiyo dakika moja. Ya pili ni aina ya njia, na hii imenipeleka mahali.

Ilikuwa Mei, mvua ya masika haijaisha, naenda matanga pande za Nyando. Kifaa nilikuwa nimekiacha kwa "shortest", njia fupi zaidi, nikifikiria fupi si ndio nzuri. Nimetoka Awasi vizuri, mara kikaniambia kata kulia, nikakata. Lami ikawa murram, murram ikawa njia ya trekta za miwa, njia ya trekta ikawa udongo mweusi. Wenye wanajua tambarare za Kano wanajua huo udongo, ukiwa mkavu ni mwamba, ukinyeshewa ni gundi. Gurudumu la mbele likazunguka mara mbili tatu, likajaa matope mpaka kwa matgadi, gari ikalala kando polepole kama ng'ombe. Na ile sauti ya mama wa ndani ya kifaa, imetulia kabisa, ikaniambia niendelee mbele mita mia nane. Vijana sita walitokea kwa miwa sijui walikuwa wapi muda huo wote, wakasukuma, elfu moja na mia tano, na mmoja wao akaniambia, "Buda, kwani hukuona lami?" Nilifika mwili umeshazikwa.

Basi weka "fastest", na utafute mahali pameandikwa "avoid unpaved roads" uiwashe. Ukifika karibu na boma utaizima, kwa sababu hapo hakuna lami na kifaa kitaanza kukuzungusha bure.

Ya tatu ni feri. Ukitafuta Mbita ukiwa Bondo, kifaa kinaweza kukupitisha Luanda Kotieno uvuke ziwa, na ni njia halali, gari huvukishwa kweli. Lakini feri ina saa zake na kifaa hakizijui, kinadhani ni daraja. Kama unafika jioni washa "avoid ferries" uzunguke Homa Bay.

Na barabara kuu pia inabadilika, kazi ya kupanua Rironi hadi Mau Summit inaleta dayvesheni ambazo hakuna ramani itakuwa nazo kwa wakati. Hapo fuata vibao na yule jamaa wa bendera, kifaa kitapiga kelele kisha kitanyamaza.

Hatua ya nane: kutia boma kwenye ramani

Kwetu hakuna namba za nyumba, kwa hivyo kifaa cha kutafuta kwa anwani pekee hakikufai. Lazima kikubali namba za mahali, zile za latitudo na longitudo. Mwambie mwenyeji akiwa amesimama kwake, sio sokoni, akutumie lokesheni kwa WhatsApp. Ifungue, bonyeza hiyo pini mpaka namba zionekane, uzinakili.

Sasa sikia vizuri kwa sababu sisi watu wa hapa tuna shida ambayo wengine hawana: ikweta inapita katikati yetu. Nakuru iko kusini yake, kama 0.28 na alama ya kutoa mbele. Ukisahau hiyo alama, au kwa kifaa ukaacha N (kaskazini) badala ya S (kusini), hutapotea kidogo, utapelekwa kilomita sitini na zaidi kaskazini mpaka pande za Ziwa Bogoria. Kisumu ukikosea hivyo unajikuta Vihiga. Na ubaya ni kwamba hayo ni mahali pa kweli yenye barabara, kifaa hakitakuonya. Ukienda Ugunja alama inabadilika ukishapita Maseno, hapo ndipo ikweta iko, kwa hivyo usikariri kwamba "kwetu ni S".

Kosa la pili ni mtindo wa namba. WhatsApp na Google hutoa desimali, mfano 0.1750. Vifaa vingi vikitoka kiwandani vinataka digrii na dakika. Hiyo 0.1750 sio dakika 17.5, unazidisha mara 60 unapata dakika 10.5. Ukiandika 17.5 umekosea kilomita kumi na tatu. Usipende kupiga hesabu, ingia setingi ubadilishe mtindo uwe desimali, kisha ukishatia, angalia kwa skrini kama mji wa karibu unafanana na ule unaoujua.

Hifadhi pini na jina la maana. "Kwa Ochieng" ziko tatu kwangu na sijui moja ni ya nani.

Hatua ya tisa: kukiweka na kukitoa

Kiweke chini kwa kona ya kioo upande wako, kisizibe macho. Kama kioo chako kina tinti ile ya kung'aa kama kioo cha kujitazama, hiyo ina chuma ndani na inazuia mawimbi, sogeza kifaa au ukubali kitachelewa. Andika unakoenda kabla ya kutoa handbreki, ukiwa kwa kona za Kericho na malori nyuma yako sio wakati wa kutafuta herufi K.

Ukipaki mjini kitoe, na usikitoe kifaa peke yake, toa na stendi, halafu ufute ile alama ya duara inayobaki kwa kioo. Mimi niliitoa yangu nikaiweka kwa droo nikajiona mjanja, alama ikabaki, na mtu akavunja kioo kuangalia droo ina nini. Kioo cha mlango kilinigharimu zaidi ya kile kifaa cha Uingereza.

Na kabla hujatoka, omba mwenyeji namba ya mtu wa boda wa stage ya karibu na kwake. Pini itakufikisha mpaka zibaki mita mia mbili, hizo mita mia mbili za mwisho ni za huyo.